Nani Ana Haki ya Kumwambia Mwenzake Aridhike?

Mji wa Babati umekaa kati ya Mlima Kwaraa na ziwa lenye jina lake, mahali ambapo barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma hukutana na ile ya Singida ipitayo Katesh. Na tangu ufanywe makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, ni nadra habari, njema au mbaya, ivuke upande huu wa nchi bila kutua hapa kwanza. Wagorowa, Wairaqw, Warangi na Wadatoga huuziana sokoni mwake, na Wakristo wa kila madhehebu, pamoja na jirani zao Waislamu, huzikana bila kuulizana vyeti. Katika mji wa namna hiyo, swali ambalo wanavyuoni wa dini wameliandikia vitabu visivyo idadi huulizwa na watu wenye sugu za jembe viganjani: Je, Mkristo aliyefikwa na dhiki yampasa aridhike na hali yake? Na akisha kuridhika, je, hiyo ni imani, ama ni kukata tamaa kulikovikwa kanzu ya ibada?

Nimeliweka swali hili katika vinywa vinne. Wanenaji hawana majina, maana mimi ndiye niliyewatunga, walakini hoja zao ni zile zisemwazo barazani kila juma. Mmoja ni mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri, Mwiraqw wa umri mkubwa. Wa pili ni mkulima wa mbaazi kutoka Bonga. Wa tatu ni mama Mkatoliki, mwalimu wa historia katika sekondari, aliyealikwa kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani. Wa nne ni kijana wa bodaboda. Tuseme ibada imekwisha, jogoo wa mwisho wa mnada wa sadaka amepata mnunuzi, nao wamebaki juu ya mabenchi uani mwa kanisa.

MKULIMA: Shikamoo, Mwinjilisti. Mahubiri ya leo yalikuwa matamu kwa wengi, ila mimi yamenitonesha kidonda, kwa sababu tumehimizwa kuridhika, na mimi neno hilo nilikwisha kulionja likiwa chungu. Mwaka 2017 magunia ya mbaazi yalijaa sebuleni kwangu hata watoto wakawa wanalala juu yake. Wala msidhani kwamba nililima kwa ujinga. India ilikuwa imepatwa na ukame mwaka 2014 na tena 2015, mbaazi zikaadimika kwao, bei ikapanda, na wanunuzi wakatufuata hadi mashambani. Tukaambiwa tulime, nasi tukalima, tukizichanganya na mahindi kama walivyofanya baba zetu, tukijua kwamba mbaazi zetu huvunwa Agosti na Septemba, zikawahi kufika India kabla wenyewe hawajavuna za kwao. Kumbe na wakulima wa kule walikuwa wamelima kwa tamaa ile ile, mvua zikawakubali, wakavuna kupita kiasi. Na Agosti hiyo hiyo, zetu zikingali uwanjani zikipigwa fimbo, serikali yao ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazotoka nje. Msumbiji walikuwa wamekwisha kufunga mkataba wao tangu 2016. Sisi hatukuwa nao. Bei ikaanguka hata kulipeleka gunia sokoni kukawa ni kujiongezea hasara. Mwanangu akarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada ya bweni, nami nikaja kanisani kutafuta faraja, na mzee mmoja wa usharika akanishika bega akasema, “Ridhika, ndugu yangu, Mungu ana makusudi yake.” Mzee huyo alikuwa mtu wa mshahara. Sikumjibu, ila tangu siku ile najiuliza ni nani aliyempa mtu wa mshahara idhini ya kuiridhia hasara yangu kwa niaba yangu.

MWINJILISTI: Marahaba, mwanangu. Mzee huyo simtetei, lakini nakusihi usilitupe neno kwa sababu ya kinywa kilichokuletea. Aliyetufundisha jambo hili hakuwa mtu wa mshahara. Mtume Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, hajui kama mlango utafunguliwa ili atoke huru au ili apelekwe kuuawa. Na katika hali hiyo akawaarifu kwamba kushiba amekujua na njaa ameijua, na kwamba utulivu wa moyo wake haukutokana na hiki wala kile, bali na Kristo amtiaye nguvu. Wala hakudai kwamba alizaliwa na tabia ya upole. Asema jambo hilo alijifunza, na sote twajua kwamba mtu hajifunzi jambo asipokosea mara nyingi. Hakuyapenda mapingu, wala hakuyaita baraka. Alichokataa ni kuyaacha mapingu yaamue yeye ni nani. Nawe, bei ya mbaazi ilipoanguka, wewe hukuanguka bei. Mwaka ule niliwaona wenzako waliosadiki kwamba wameanguka pamoja nayo: mmoja aliuza shamba kwa hasira, mwingine akahamia kilabuni asitoke, na wa tatu akayamalizia mashaka yake kwenye mgongo wa mkewe. Ridhaa ninayoisema mimi ndiyo iliyokuzuia usifuate njia zao, hata kama wewe hukuiita kwa jina hilo.

MWALIMU: Mwinjilisti, nakuheshimu kama baba yangu mzazi, na ulilolisema juu ya nafsi ya mtu mmoja siwezi kulipinga. Khofu yangu iko mahali pengine. Historia yaonyesha kwamba mafundisho ya kuridhika huwatoka kwa wepesi mno wale ambao hawakupungukiwa na kitu, na huwafikia kwanza wale ambao wangepaswa kulalamika. Tazama Hanang, hapo jirani. Tangu miaka ya 1970 malisho ya Wabarbaig, tawi la Wadatoga, kule Basotu yaligeuzwa mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali, kwa msaada wa Kanada, jumla yake karibu ekari 100,000, na waliohamishwa wakaambiwa kwamba hayo ndiyo maendeleo. Wanakijiji wa Mulbadaw hawakukaa kimya. Walikwenda mahakamani, Mahakama Kuu ikawapa haki, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Walishindwa, naam, walakini lau wangalihubiriwa ridhaa wakaipokea, hata jina la shauri lao lisingalikuwamo katika vitabu vya sheria, na dhuluma ingalipita kana kwamba ni majaliwa ya Mungu. Mwalimu Nyerere, naye Mkatoliki asiyekosa misa, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuipinga mifumo inayowahukumu watu kuwa maskini, litakosa maana kwa watu, na dini yenyewe itashuka daraja iwe ushirikina wa waoga. Basi nauliza: tunapomfundisha mkulima kuridhika, tunamtia nguvu, au tunampunguzia kero yule aliyemsababishia hasara?

KIJANA: Shikamooni, wazee wangu. Niruhusuni niseme, maana ninyi mnabishana juu ya kuridhika, na sisi vijana tumelelewa na mahubiri ya kinyume chake. Mimi nilihudhuria mkutano wa uwanjani ambako mhubiri alisema umaskini ni laana, na kwamba mwenye imani hana sababu ya kuridhika na kidogo. Apande mbegu, naye atapata upenyo. Nikapanda pesa ya mkataba wa pikipiki. Upenyo haukuja, aliyekuja ni mwenye pikipiki. Nilipokuwa nikitembea kwa miguu nilimwona Mungu kama mtu aliyekula fedha yangu, na nilipomsikia mtu akisema kwamba ameridhika, nilimhesabu kuwa mwongo au mjinga, nikaendelea hivyo mpaka nilipokwenda Katesh.

Mnaikumbuka Jumapili ile ya tarehe 3 Desemba 2023, ya kwanza ya Adventi, watu wengine wakiwa ndiyo kwanza wanajiandaa kwenda ibadani, mvua ilipoumegua Mlima Hanang, na tope, mawe na magogo yakaushukia mji wa Katesh na vijiji vyake, wakafa watu zaidi ya 80. Mimi nilikwenda na lori la msaada pamoja na vijana wa usharika. Kwenye kibaraza kimoja nilimkuta mama amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amepakata kichwa cha cherehani, akikwangua tope kwenye meno ya chini ya sindano kwa kijiti, kisha akilipuliza, kisha akikwangua tena. Alikuwa amefiwa. Waliokuja kumpa pole walisema lile tunalolisema sote, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, naye hakuinua uso. Sisi tukashusha unga na mablanketi, tukazoa tope chumbani mwake tusiseme lolote, maana hatukuwa na la kusema. Hata jua lilipokuwa linaelekea kuzama, akauzungusha mkono wa cherehani, ukazunguka kwa kukwama. Ndipo akasema, bila kuulizwa na mtu, kwamba Mungu hajamwacha, na kwamba yeye ameyakabidhi kwake yote. Akanyamaza kidogo, kisha akatuuliza kama katika lori letu kulikuwa na mafuta ya cherehani. Mimi, ambaye nilikuwa nimeapa kutosadiki tena maneno ya namna hiyo, nilimsadiki. Tena nilijua kwamba lau ningalimwambia mimi maneno yale yale saa chache kabla, yangalikuwa matusi.

MWINJILISTI: Mjukuu wangu, umeufungua mlango niliokuwa naupapasa. Katika mazishi yetu tunapenda kuyasoma yale aliyosema Ayubu siku ile alipopoteza mali na watoto, alipolihimidi jina la Mungu aliyetoa na kutwaa. Na ni kweli aliyasema, lakini aliyasema yeye mwenyewe, nguo zake zimeraruka, kichwa kimenyolewa. Rafiki zake watatu walianza vyema, maana walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kutamka neno, kwa kuwa waliona huzuni yake ni kubwa. Kosa lao lilianza walipofumbua vinywa na kumweleza makusudi ya Mungu katika misiba ambayo haikuwa yao. Na tazameni mwisho wa kitabu: Mungu aliwakasirikia hao watetezi wake, akasema kwamba aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu, yule yule aliyelalamika sura baada ya sura hata akailaani siku ya kuzaliwa kwake. Kumbe mbele za Mungu malalamiko ya mwenye msiba yana heshima kuliko faraja ya asiye na msiba.

Nalo la mafuta ya cherehani lisiwashangaze. Kabla Injili haijafika kwetu Uiraqw, wazee walikuwa na slufay, dua ndefu isomwayo na mzee mkutanoni na waliohudhuria wakiitikia, wakiomba mvua, na maziwa, na amani, na uzazi, jambo kwa jambo, pasi na haya. Nimekulia katika dua hizo kabla ya kukulia katika katekisimu, wala sijawahi kuona kwamba mtu aliyetulia mbele za Mungu huacha kuomba. Mwenye moyo uliotulia huweza kuomba mafuta ya cherehani bila kujidhalilisha, na akinyimwa hatukani.

MWALIMU: Hapo tumekaribiana, Mwinjilisti, lakini bado hujanijibu. Yule mama aliomba mafuta kwa watu wema. Je, na yule ambaye dhiki yake imeletwa na mtu mwenye nguvu? Hapo ridhaa yako inasema nini?

MWINJILISTI: Inasema lile lililosemwa na Paulo huyo huyo katika mji huo huo wa Filipi, miaka kabla ya waraka. Yeye na Sila walipigwa bakora hadharani, wakatiwa gerezani, miguu yao ikafungwa kwenye mkatale, na usiku wa manane wakawa wanaimba hata wafungwa wengine wakawasikiliza. Hicho ndicho kipande tukihubiricho. Kipande tusichokihubiri ni cha asubuhi yake. Wakuu wa mji walituma watu wawafungue kimyakimya, waende zao, na mambo yaishe. Paulo akakataa kutoka. Alisema wamepigwa mbele ya watu bila kuhukumiwa, nao ni raia wa Rumi, basi waliowafunga waje wenyewe kuwatoa. Nao wakaja, wakawasihi. Nyimbo za usiku hazikulifuta dai la asubuhi. Na Wafilipi waliposoma baadaye kwamba mtu huyu amejifunza kuridhika, walijua ni kuridhika kwa namna gani, kwa sababu walikuwa wamemwona akigoma mlangoni pa gereza lao.

MWALIMU: Basi na mimi nikuongezee shahidi aliye karibu nasi kuliko Filipi. Mwezi Februari 1977, Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire, alimwandikia Idi Amin pamoja na maaskofu wenzake waraka wa kulalamikia mauaji na uonevu; siku chache baadaye, tarehe 16, akauawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Mtu huyo alikuwa wa kundi la Uamsho, watu waliosifika kwa nyimbo za furaha na kwa kukiri dhambi zao hadharani, na wapo waliowadhania kuwa ni watu wa mbinguni tu wasiojali ya dunia.

MWINJILISTI: Na mwenzake Festo Kivengere, Askofu wa Kigezi, aliyepata kuwa mwalimu kule Dodoma, mwisho wa barabara yetu hii, alivuka milima kwa miguu pamoja na mkewe hadi Rwanda akiokoa roho yake, kisha mwaka huo huo akatoa kitabu ambacho jina lake lasema kwamba anampenda Idi Amin. Walimshangaa wengi. Lakini kumpenda hakukumfanya abaki Uganda angoje risasi, wala hakukumzuia kuutangazia ulimwengu yaliyokuwa yakitendeka. Alichokuwa amekikataa ni kumwachia Amin nafasi ndani ya moyo wake ili autawale huo pia.

MKULIMA: Nimewasikiliza wote, na ya kwangu ni mafupi. Baada ya siku ile ya kushikwa bega nilikasirika, na hasira haikununua hata chumvi. Mke wangu akachukua debe la mbaazi zile zilizokosa mnunuzi, akazipika na mahindi, tukala makande hadi watoto wakayachoka. Na katika kula huko nikaona kwamba kitu nilichokiita hasara bado kilikuwa chakula. Sikusema nimeridhika, ila nililala usingizi. Nilipopata usingizi nikapata na akili, nikaenda kukaa na wenzangu wa ushirika tuulizane kwa nini nchi jirani ina mkataba na sisi hatuna, na kwa nini zao la wilaya nzima lina mnunuzi mmoja ng’ambo ya bahari. India ilipoufungua tena mlango mwaka 2021, mimi nilikuwa sijang’oa mbaazi zangu. Kwa hiyo nakubali, Mwinjilisti, kwamba utulivu ulitangulia, na maswali yakafuata. Nisingekuwa na uwezo wa kuuliza nikiwa na moyo uliovurugika. Lakini yule aliyenishika bega bado simsamehe kwa hoja. Nimemsamehe kwa dini tu.

MWINJILISTI: Na hoja yako ni ya haki. Alipaswa kushika gunia kabla ya kushika bega.

Msomaji ataona kwamba wanne hawa hawakumaliza mahali pamoja. Mwalimu anaondoka na khofu yake, na naona ni khofu inayostahili kubaki, maana hakuna zama ambazo wenye nguvu walikosa mtu wa kuwahubiria wanyonge subira. Kijana anaondoka akiwa amepona mahubiri ya upenyo, lakini pikipiki bado hana, na imani iliyomrudia haimlipii mkataba. Mimi niliyewakutanisha nimesadiki jambo moja, nalo ni kwamba ridhaa ya Kikristo ni amri ambayo mtu huweza kuitoa kwa nafsi yake tu. Mwenye dhiki akiitamka, ni ushuhuda, nasi hatuna budi kuupokea kwa adabu. Jirani yake akimtamkia, hata kwa nia njema na kwa maneno ya Maandiko, ameligeuza neno la imani kuwa njia ya kukwepa wajibu. Tena ridhaa ya kweli haimfungi mwenyewe mikono: huomba mafuta ya cherehani, humwandikia mtawala waraka, hukataa kutoka gerezani kwa mlango wa uani.

Na aliye nje ya dhiki, ambaye amenyang’anywa haki ya kusema “ridhika”, asidhani kwamba ameachwa bila la kufanya. Waraka ule ule ambamo Paulo alijisifia kutosheka kwake uliandikwa kwa sababu ya shukrani: Wafilipi walikuwa wamesikia kwamba amefungwa, wakakusanya walichoweza, wakampa Epafrodito akipeleke, na mtu huyo akaugua katika kazi hiyo hata akakaribia kufa. Paulo aliwaambia kwamba yeye hakuwa akilalamikia uhitaji, na papo hapo akawaambia kwamba walifanya vyema kushiriki katika taabu yake. Kuridhika ilikuwa kazi ya mfungwa. Wafilipi hawakumwandikia Paulo kumhimiza aridhike. Walimpelekea mahitaji, na mtu wa kukaa naye.